Kabla Hujamtajia Mteja Bei ya Spea, Jua Gari Yake Inaumwa Nini



Kuna swali linanijia inboksi karibu kila wiki: "Kaka, nataka nianze kuuza spea za magari mtandaoni, nitajie spea kumi zinazotoka haraka." Leo sitaji kumi. Nataka tuongelee magonjwa ya gari za juu, yaani RAV4, Vanguard, Harrier, X-Trail, Forester na Prado, na jinsi muuzaji ambaye si fundi anavyoweza kuyajua kabla hajapokea hela ya mtu. Na kama wewe unauza vitenge au vyombo lakini mzigo unaubeba kwa gari ya namna hiyo, soma pia, kuna mtaji wako humu.

Mimi nina duka la mlango mmoja hapa Haneti, wilaya ya Chamwino. Elimu yangu ni kidato cha nne. Ufundi sijasomea popote, nimejifunza kwa kukaa gereji, kuuliza, na kusoma usiku kwenye simu bando likiwepo. Wateja wangu wengi hawajawahi kuliona duka lenyewe. Wako Kondoa, Chemba, Dodoma mjini, wengine Singida. Mzigo nauchukua Gerezani pale Kariakoo, unakuja kwa basi, na mimi naupakia kwenye basi jingine kwenda kwa mteja. Sasa jiulize, mtu wa Dodoma mjini amezungukwa na maduka ya spea, kwa nini amtumie hela kwa simu mtu wa kijijini? Kwa sababu mimi simtajii bei mpaka nimemuuliza maswali. Wengine wanamtajia bei ndani ya dakika moja, halafu spea ikifika haiingii, au inaingia na gari bado inaumwa vile vile.

Mteja wa spea anakuja na jina la kitu alichoambiwa na fundi. "Nataka giaboksi." "Nataka ringi." Mafundi wazuri wapo wengi, siwasemi vibaya. Ila kuna wanaobahatisha, na ukiuza kwa kufuata kubahatisha kwa mtu mwingine, lawama inabaki kwako wewe uliyepokea hela.

Gari ile ile, wakala hayupo

Gari nyingi za juu unazoziona kwetu hazikununuliwa mpya. Zimetumika Japani miaka saba, kumi, hata kumi na tano, zikapanda meli, zikashuka bandari ya Dar. Aliyenunua gari mpya kwa wakala rasmi ana waranti, ana pa kulalamikia. Toyota Tanzania wapo miaka mingi, lakini mwenye Vanguard ya mwaka 2008 aliyeinunua mtandaoni ikiwa imeshatumika, waranti yake iliisha hata kabla gari haijaiona bahari.

Sasa sikiliza hapa. Gari hizi au ndugu zake zimeuzwa pia Marekani, Ulaya na kwingineko. Wenye magari kule wanalalamika sana, na wanaenda mahakamani. Mwisho wa siku kampuni inakubali kwamba kifaa fulani kina udhaifu, inaagiza mawakala wake wakitengeneze bure au inaongeza muda wa waranti ya kifaa hicho. Matangazo hayo yako wazi, yanataja aina ya gari, miaka, dalili na kilichobadilishwa. Kwangu mimi ni kama daftari la hospitali limeachwa mezani bila kufunikwa. Wewe husomi kwa sababu hakuna wakala wa kukutengenezea bure. Soma kwa sababu ugonjwa ni ule ule, na kwetu huku dawa anaiuza muuza spea.

Angalizo: gari ya Marekani na gari ya Japani zinaweza kuwa na jina moja na injini tofauti. Usichukue kila kitu. Injini au giaboksi ikiwa ile ile, hapo ndipo unatega sikio.

X-Trail na lile neno "pasua kichwa"

Hakuna gari iliyosemwa vibaya kwenye magrupu kama Nissan X-Trail. "Pasua kichwa", "usinunue hata ukipewa bure". Mimi nawapenda wenye X-Trail, ni wateja wazuri, na robo tatu ya matatizo wanayoniletea yanaanzia kwenye oili ya giaboksi.

Iko hivi. X-Trail ya kwanza, ile ya pembe pembe, chesisi yake inaanza na T30 au NT30. Ina giaboksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne, inatumia oili ya otomatiki ya kawaida, ATF. X-Trail iliyofuata, iliyoanza mwaka 2007, ni T31 au NT31. Kwa macho wanafanana kama kaka na mdogo wake, lakini hii ya pili ikiwa otomatiki ya petroli ina CVT. Ndani ya CVT hakuna gia za kuhesabu moja, mbili, tatu. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati, na puli zinapanuka na kubana kulingana na mwendo. Mkanda ule wa chuma unashika puli kwa msaada wa oili maalum, inayoandikwa NS-2. Ukimwagia ATF, mkanda unaanza kuteleza, chuma kinasuguana na chuma, unga wa chuma unazunguka humo ndani, na giaboksi inakufa.

Na hata ikiwekewa oili sahihi, CVT ya miaka ile ilikuwa na shida zake. Kule Marekani Nissan waliongeza waranti ya CVT kwa magari ya mwaka 2003 hadi 2010, kutoka miaka 5 au maili 60,000 ikawa miaka 10 au maili 120,000, kama kilomita 193,000 hivi. Kampuni haiongezi waranti mara mbili kwa kufurahisha watu. Ukiona hivyo ujue kifaa kilikuwa kinarudi sana.

Kuna dada mmoja anazunguka minadani na vyombo vya plastiki na mashuka, gari yake X-Trail. Alinitafuta akitaka giaboksi nzima. Ameshaulizia sehemu mbili, anaambiwa milioni moja na nusu na zaidi kwa ya mtumba, na alikuwa tayari kuuza mzigo wake kwa bei ya hasara ili aipate. Nikamwomba picha ya kadi ya gari. NT31. Nikamuuliza, inakosa nguvu wakati gani? Akasema asubuhi inaenda vizuri, ikishapata moto ikifika kwenye mlima inagoma, akiipumzisha nusu saa inarudi. Hiyo ni dalili ya CVT inayojilinda na joto. Nikauliza tena, oili ya giaboksi umebadilisha lini? Wiki mbili zilizopita, gereji fulani. Unakumbuka rangi? Nyekundu. Akanitumia na picha ya dumu alilobaki nalo, ATF.

Nikamwambia asimamishe gari, asiende nayo mnadani hata mmoja. Nikamuuzia oili ya CVT ya kutosha kubadilisha mara mbili, na filta. Fundi wake alimwaga, akaweka mpya, akatembeza gari taratibu, akamwaga tena na kuweka nyingine, maana ukimwaga mara moja sehemu kubwa ya oili ya zamani inabaki ndani. Nilimwambia wazi kwamba simpi ahadi, kama mkanda umeshaumia oili haitaurudisha. Gari ilipona, ingawa kuna mlio mdogo ulibaki mpaka leo. Faida niliyopata kwenye oili ile ni ndogo kuliko ambayo ningepata kwenye giaboksi. Lakini wenye X-Trail walioletwa na yule dada sasa nimeacha kuwahesabu.

Maswali yangu kwa mteja wa X-Trail mwenye shida ya giaboksi ni haya tu: herufi za chesisi, tatizo linatokea gari ikiwa baridi au moto, na oili ya mwisho iliwekwa ipi. Na usidhani ni Nissan peke yao. Vanguard ya 2.4 na RAV4 ya ACA31 iliyotoka Japani nazo ni CVT, na oili yake ni ya Toyota, si ile ya Nissan. Mteja akisema "nipe oili ya CVT" tu, bado hajakwambia kitu.

Chesisi kwanza, jina la gari baadaye

Mnaona jinsi herufi za chesisi zilivyofanya kazi hapo juu. Hili ndilo ningependa mlishike kuliko yote. Gari za Japani hazina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Zina herufi na namba chache, kistari, halafu namba za gari yenyewe. Kile kilicho kabla ya kistari ndicho kinachotaja mwili na injini. Kimeandikwa kwenye kadi ya gari, na kipo pia kwenye kibati cha chumba cha injini.

Chukua Harrier. ACU30 na ACU35 ni injini ya 2.4 ya silinda nne. MCU30 na MCU35 ni 3.0 ya silinda sita. Bodi ni moja, rangi moja, taa moja, lakini plagi, belti na gasketi haviingiliani. Au Forester ile ya mwaka 2008 kwenda juu: SH5 ina injini ya EJ20 yenye taimingi belti, SHJ ina injini mpya ya FB20 yenye cheni. Mtu akikwambia "nataka taimingi belti ya Forester ya 2010", unaweza kumuuzia belti ya injini isiyo na belti. Nimeona watu wanauziwa hivyo, na aliyeuza akishapokea hela simu inazimwa.

Ukiwa na herufi hizo, tafuta namba ya kifaa chenyewe. Toyota wanaandika tarakimu tano, kistari, halafu tano nyingine. Mwombe mteja apige picha ya namba iliyo kwenye spea ya zamani akiweza kuifikia. Namba hiyo ndiyo unayompa mtu wako wa Kariakoo. Usimpelekee picha ya gari.

Vanguard inakula oili

Hii injini ya 2AZ-FE, 2.4 ya Toyota, nenda nayo taratibu kwa sababu imo kwenye gari nyingi mno: RAV4 ya ACA31, Vanguard, Harrier na Kluger za ACU, mpaka Alphard na Estima. Ina magonjwa mawili yanayojulikana, na watu huyachanganya.

La kwanza ni kula oili. Hili ni zaidi kwa zile za kuanzia mwaka 2006 hivi. Gari haivuji popote, chini pakavu, lakini ukipima baada ya wiki chache oili imeshuka. Wakati mwingine asubuhi ikiwashwa inatoa moshi wa bluu. Tatizo liko kwenye pistoni na ringi, zinaachia oili ipande ikaungue pamoja na petroli. Marekani Toyota waliongeza waranti kwa ajili ya hili, na mawakala walikuwa na kipimo chao: wanajaza oili, mteja anatembea maili 1,200, takriban kilomita 1,900, anarudi. Ikipungua karibu lita moja, wanabadilisha pistoni na ringi kwa muundo mpya.

Kipimo hicho mfundishe mteja wako, hakina gharama. Jaza oili mpaka alama ya juu, andika kilomita, tembea, pima. Ukipata jibu ndipo mnaongea. Ikiwa inakula kidogo, wengi wanaishi nayo kwa kuongeza na kupima kila wiki, na wewe unauza lita moja moja. Ikiwa inakula sana, muuzie pistoni pamoja na ringi zake, maana ukifunga ringi mpya kwenye pistoni ile ile ya zamani yenye matundu madogo ya oili, tatizo linarudi. Na tafadhali usimuuzie chupa ya dawa ya "kuzuia moshi" ukamwambia amepona. Hatari kubwa ya ugonjwa huu ni mtu kutopima, oili inaisha kimya kimya, injini inagonga, na hapo hesabu inakuwa ya injini nzima.

La pili ni la 2AZ za miaka ya mwanzo, kama za Harrier za kabla ya 2006. Nyuzi za boliti zinazobana silinda hedi zinalegea kwenye bloku yenyewe. Maji yanapungua, gari inachemsha. Fundi anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, unauza gasketi, inafungwa, na mwezi haujaisha inachemsha tena. Gasketi haina kosa, boliti ndiyo haishiki. Dawa ni kuchonga nyuzi upya na kuweka bushi za chuma, kazi ya mtu wa mashine. Kwa hiyo mteja wa 2AZ ya zamani anayenunua gasketi kwa mara ya pili, muulize kwanza: boliti zilibana kweli?

RAV4 "Kili Time" na kompyuta yake

RAV4 ya pili, ACA20 na ACA21, bado zipo nyingi na bado zina nguvu. Ina injini ya D4, 1AZ-FSE, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Injini hiyo haipendi petroli chafu. Mwaka 2010 EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umezidi, watu walikuwa wanachanganya na mafuta ya taa. Siku hizi vituoni kuna nafuu, lakini huku vijijini petroli ya kwenye chupa na madumu bado inauzwa, na mwenye D4 akiizoea atakuja kwako akitaka pampu ya presha. Kabla hujamuuzia pampu, muulize kama njia ya hewa na throto vimesafishwa masizi, na kama filta ya mafuta imewahi kubadilishwa. Vitu hivyo ni bei ndogo.

Halafu kuna kisa cha Marekani ambacho kila muuza giaboksi akijue. RAV4 za 2001 hadi 2003 kule zilikuwa zinagonga kwa nguvu zikibadilisha gia. Watu wakabadilisha giaboksi. Kumbe mgonjwa ni kompyuta ya injini, ndiyo iliyokuwa inatoa amri mbaya na kuiumiza giaboksi. Toyota wakaongeza waranti ya kompyuta hiyo mpaka miaka 10 au maili 150,000. Injini za kule si D4, lakini somo linabaki: RAV4 ya umri huo inagonga gia, apime kwa mashine kwanza. Akinunua giaboksi na kompyuta mbovu ikabaki, ataiua na ya pili.

Forester na Prado kwa kifupi

Subaru watu wanaogopa gasketi za silinda hedi. Sifa hiyo ilitoka hasa kwa injini za 2.5, EJ25, na mwaka 2004 Subaru Marekani waliita magari hayo ili mawakala waongeze dawa ya kuziba kwenye maji ya rejeta. Forester nyingi za kwetu ni EJ20 za lita mbili, kwa hiyo usimtishe mteja bure. Zile za FB, kuanzia 2011, shida yao kule ilikuwa kula oili, kesi ikaisha mwaka 2016 kwa waranti kuongezwa. Kipimo ni kile kile cha Vanguard.

Prado za dizeli za 1KD, 3.0, zina kitu kidogo cha bei ndogo kinachoua injini ya mamilioni: washa za shaba chini ya injekta. Zikivuja, moshi wa mwako unapita na kuingia kwenye oili, oili inakuwa tope zito, inaziba chujio la chini kwenye sampu, injini inakosa oili. Mteja akiagiza injekta za 1KD, weka washa mpya kwenye kifurushi hicho hicho, hata kama hakuziomba. Mimi naziweka kwenye bei kabisa ili asizikatae.

Ya kwetu wenyewe

Kuna magonjwa hutayakuta kwenye tangazo la wakala yeyote wa Marekani, kwa sababu ni ya ardhi yetu. Maji ya visima vingi vya huku kwetu Dodoma yana chumvi. Mtu gari ikipungua maji anachota kisimani anamimina kwenye rejeta. Baada ya miezi rejeta imeota kutu na magamba, gari inachemsha, fundi anatoa themostati anaitupa, "ili maji yapite vizuri". Sasa gari haina kitu cha kusimamia joto lake. Mteja wa rejeta anunue na themostati, mfuniko wa rejeta na kulanti. Kama hana hela ya vyote, angalau kulanti, la sivyo rejeta mpya itakufa kwa chumvi ile ile.

Vumbi nalo. Filta ya hewa ndiyo spea inayotoka kuliko zote dukani kwangu kuanzia mvua zinapokatika Aprili mpaka zinaporudi Desemba. Na barabara zetu za makorongo zinamaliza shokapu, bushi, stabilaiza linki na buti za CV jointi. Buti ni mpira tu, bei ndogo. Ikipasuka, grisi inatoka na mchanga unaingia, halafu jointi inaanza kulia ukikata kona. Mteja akiniagizia shokapu namwomba achungulie na buti akiwa chini ya gari.

Kitu ambacho siuzi

Eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye usukani au dashibodi gari ikigonga. Za mtumba siuzi kwa bei yoyote. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza eabegi ambazo baruti yake, amonia naitreti, inaharibika kwa miaka ya joto na unyevu. Ikifumuka inalipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wamekufa kwa hili, wengine kwenye ajali ndogo ambazo wangetoka na mikwaruzo. Magari yalianza kuitwa mwaka 2008 kwa Honda, yakafuata ya Toyota, Nissan, Subaru na wengine wengi. Marekani peke yake ni kama eabegi milioni 67. Takata wakafilisika Juni 2017.

Baadhi ya gari zilizohusika ndizo hizi hizi tunazozitumia, X-Trail ya T30 ikiwa mojawapo. Eabegi iliyotolewa kwenye gari iliyokatwa vipande huwezi kuiangalia kwa macho ukajua hali ya baruti iliyo ndani. Mteja akiniuliza, namwambia aingie kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni ya gari yake, kuna sehemu ya kuweka namba ya chesisi na kuona kama gari iliitwa na kama ilitengenezwa. Kurasa ni za Kijapani, simu inazitafsiri vya kutosha. Ikionekana haikutengenezwa, awasiliane na wakala rasmi wa kampuni hiyo. Mimi sina spea ya kumuuzia hapo.

Waranti yako wewe

Mteja atauliza: "Ina waranti?" Usijibu ndiyo tu. Mimi kwa spea ya mtumba, kama giaboksi au kompyuta, nampa siku saba tangu ifungwe, kwa maandishi ya meseji, na sharti ni fundi anitumie picha akiwa anafunga na picha ya oili aliyoweka. Vitu vya umeme vya mtumba wauzaji wa mjini hawavirudishi, kwa hiyo na mimi namwambia mapema, kabla hajatuma hela. Spea mpya naandika kama ni ya kampuni au ya kuiga, na bei mbili tofauti, achague mwenyewe. Ya kuiga isiyo na jina la mtu mwingine ni biashara halali. Iliyobandikwa nembo ya Toyota wakati si ya Toyota ni bandia, na FCC wakikukuta nayo, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inawaruhusu kuukamata mzigo wote. Kwa mtaji wetu huu mdogo, mzigo ukikamatwa mara moja unafunga duka.

Mwenye gari inayosumbua aandike kwenye komenti herufi za mwanzo za chesisi, zile za kabla ya kistari, na dalili zake: baridi au moto, mlimani au tambarare, tangu lini. Namba nzima ya chesisi usiiweke hadharani, nitumie inboksi. Wiki ijayo nitaeleza jinsi ya kufunga rejeta isafiri kwa basi bila kuvunjika masikio yake ya plastiki, maana hilo nalo limeulizwa sana.